Kula Kwanza

Kwetu hawamuambii mutu habari ya kifo akiwa na njaa. Hawaiandiki kwa barua, hawaisemi mulangoni. Mutu anakalishwa, anawekewa chakula, anakula mbele ya macho yenu, halafu mukubwa mumoja anafungua kinywa. Ukimupa mutu habari ile na tumbo tupu ataanguka, na akianguka lazima awepo wa kumushika. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Niliikuta, na mpaka leo sijaona sababu ya kuibadilisha.

Ndiyo maana Mama alipokufa, wakati wa mvua ya kwanza, mutoto wake wa mwisho hakujua. Alikuwa Singapuri, mbali huko, anasomea mashine za meli kwa bursari ya kanisa. Tulikaa familia nzima kwenye nyumba yetu ya Kasha, Bukavu, kilio kikiwa hakijavunjika bado, na baba mudogo akakata maneno. Yeye ndiye mukubwa wetu tangu baba yetu atutoke. Alisema, "Barua, hapana. Ataifungua peke yake kwa kile chumba cha wageni. Nani atamushika?"

Basi tukaendelea kumuandikia kama zamani. Hatukudanganya, eh! Tuliandika "watu wa nyumbani wanakusalimia," bila kusema ni watu gani. Naye alijibu vizuri, mutoto wa watu: "Ambieni Mama nimenunua koti ya mvua, asisumbuke." Barua ile niliisoma mimi kwa sauti. Shangazi alitoka nje akajifanya anaanua nguo.

Wakati ule nilikuwa ninafanya kazi kwenye kituo cha lishe cha kanisa, kule Walungu. Tulipokea watoto waliovimba miguu na wenye nywele nyekundu kwa njaa. Niliwapima kwenye mizani, nilipika uji wa soya, niligombeza mama zao, halafu niliwagombeza baba zao zaidi, maana wao ndio waliouza maharagi. Kwa kifupi kazi yangu ilikuwa kuambia watu wakule. Niliijua sana, na watu walinikimbia njiani. Siku moja mapadri wakasema nimechaguliwa kwenda mafunzo ya lishe Manila, na nilipoangalia tikiti nikaona ndege inapita Singapuri. Nitafika asubuhi, nitaondoka jioni ya siku ileile.

Familia ikakaa tena. Baba mudogo akashika tikiti yangu. "Mungu amefungua njia," alisema. "Wewe ni yaya yake. Akule kwanza, halafu umuambie. Na usirudi hapa kama haujamuambia."

Yaya, kwetu, ni dada mukubwa, au kaka mukubwa. Ninajua kwenu ninyi watu wa pwani yaya ni mutu wa kulipwa alee watoto. Kwa huyu mutoto mimi nilikuwa yote mawili, ila kulipwa hakuna. Mama alikuwa anauza sokoni Kadutu tangu jua halijatoka, na mutoto alikaa kwenye mugongo wangu mpaka nikakomaa nimeinama kidogo upande wa kushoto. Alinikojolea, alinivuta nywele, alijifunza kusema akiwa hapo nyuma. Neno lake la kwanza halikuwa "mama," lilikuwa "yaya." Mama alilia wivu siku ile, halafu akacheka.

Lazima niseme pia juu ya jina. Ile miaka ya Otantisite, serikali ya Zaïre ilituambia tuache majina ya wazungu tuliyobatizwa nayo, tuchukue ya mababu. Watu walihangaika kutafuta babu aliyepigana vita, babu aliyekaa na mwami, mufalme wa kwetu. Mimi nilichukua jina la Mama. Lilikuwa karibu, na mwenyewe alikuwapo wa kuombwa. Siku ya kuliandikisha, Mama alinisindikiza komini, ofisi ya serikali, na mutoto wetu wa mwisho akiwa na sisi katika nguo zake za shule. Tulikaa kwenye benchi la nje. Karani, ndani ya abakosti, ile suti isiyo na tai, mupya uliokuwa bado unang'aa, akaita kwa nguvu: "Sitwayeni!" yaani mwananchi, halafu lile jina.

Kabla sijafungua kinywa, Mama akasimama akajibu: "Niko!"

Watu walicheka mpaka karani akatoka kuona kuna nini. Mama hakuona haya hata kidogo. Alituangalia, akasema, "Sasa tuko wawili kwa jina moja. Wakiita, mwenye iko karibu aitike."

Tangu siku ile likawa neno la nyumbani. Mulango ukigongwa, muzigo ukitaka wa kubeba, mutoto akilia usiku: mwenye iko karibu aitike. Lakini jina lenyewe nililichukua kwa karatasi tu. Kwa kazi nilikuwa maman wa mizani, nyumbani nilikuwa Yaya, kanisani waliendelea kuniita jina la ubatizo kwa siri. Jina la Mama lilibaki la Mama.

Basi tukamuandikia siku na saa ya ndege, nikasafiri. Tulishuka ile milima ya Ngomo, shimo mukono mumoja na mawe mukono mwingine, tukapita Sange kwenye joto, Uvira, mpaka Bujumbura, na kutoka pale nikaanza kuhama ndege. Njia nzima nilikuwa ninarudia maneno yangu kwa midomo: Mama yetu alitutoka, hakuteswa, alikuita. Dereva wa Uvira alifikiri ninasali rozari, akazima muziki wake kwa heshima. Nikamuacha hivyo.

Uwanja wa ndege wa Singapuri ulinitia hofu kwa sababu ya ukimya. Chini kuna tapi, zulia nene, mutu anakanyaga hasikii mguu wake. Maji yanaruka ndani ya nyumba kwa ajili ya kupendeza tu. Watu mia wanapita, hakuna anayeita mwenziwe. Nilisimama na kikwembe changu, kitenge cha kujifunga, na mufuko wangu, nikajiuliza huyu mutoto nitamupata wapi. Halafu nikasikia nyuma ya kizuizi:

"Yayaaa!"

Aliita vile tunaita kwetu, kutoka mulima mumoja kwenda mwingine, na mikono kinywani. Polisi aligeuka. Mama mumoja wa Kichina alishika mutoto wake. Mimi nilikimbia, na umri wangu, na viatu vya kuazima. Akaniinua juu kabisa. Aliponirudisha chini nikamuangalia mashavu, nikamuangalia vifundo vya miguu, ni mazoea ya kazi. Alikuwa amekonda.

"Haukule huku?" nikamuuliza.

"Yaya, haujafika bado umeanza kugombeza!"

Tulicheka. Tuliingia teksi tukicheka. Barabara ilikuwa laini, miti imepandwa kwa mustari kama askari, maua yanamwagiliwa hata pale mutu hapiti. Nikasema kweli hawa watu wamefika. Naye, akiwa angali na kicheko kwenye sauti, akageuka akaniuliza, "Na Mama? Iko namna gani?"

Nilikuwa nimerudia maneno yangu toka Bukavu, lakini nilirudia yale ya mwisho. Ya mwanzo sikuyatengeneza. Kinywa kikajisemea:

"Kula kwanza."

Aka! Mungu wangu! Mutu yeyote wa kwetu anajua. Mugeni tunamuambia "karibu chakula," tunamuambia "kuja tukule." Lakini ukiuliza mutu wako yuko namna gani, na aliyetoka nyumbani akakujibu "kula kwanza," hiyo ni lugha ya kilio. Mwenye kubeba habari ile lazima awe mujanja: anaweka sahani, anasimulia mambo ya bei ya chumvi, anangoja. Mimi, na ulimi wangu huu unaotangulia mbele, nilikuwa nimeharibu kitu chote hata hatujafika mujini.

Aliangalia dirishani.

"Siko na njaa," alisema. Halafu akaanza kunitajia manyumba. Ile ni banki. Ile ni ofisi ya posta. Ile ni hoteli.

Alinipeleka mahali wanapokula watu wa kawaida, chini ya paa kubwa, meza nyingi, vibanda vidogovidogo vya kupikia kila upande. Mvuke, pilipili, kelele: hapo kidogo nikapumua, nikaona kumbe na hawa ni watu. Mama mumoja alikuwa anauza wali uliofungwa ndani ya jani la mugomba. Nikasema, ona, wako na majani kama sisi. Akafungua moja anionyeshe, na juu ya wali nikaona ndagala, dagaa kama wa ziwa letu. Ndagala, ninawaambia! Vidogo, vimekaangwa vikavu, na karanga kando. Nilipiga mikono. Singapuri yote, na majumba yake yanayogusa mawingu, na wanakula ndagala!

"Mbili," nikamuonyesha yule mama kwa vidole.

Wangu niliumaliza. Wali ulikuwa na mafuta ya nazi, utamu wake umekaa ulimini, na pilipili ile ilinifanya nifute pua na kona ya kikwembe. Wake ulibaki umefungwa mbele yake. Alikunywa chai. Nikasogeza wali karibu naye, akausogeza karibu na mimi, tukafanya vile kama watoto wanaochezesha kokoto.

"Nitakula baadaye," alisema. "Kuja kwanza nikuonyeshe muji."

Akauweka ndani ya mufuko wa plastiki, akaubeba.

Na alinionyesha! Sijawahi kutembezwa namna ile. Tulipanda ngazi zinazojipandisha zenyewe. Kikwembe kilikuwa kimebana, sikujua niweke mguu gani, nikasimama pale chini mpaka watu wakapanga mustari nyuma yangu kwa adabu. Akanishika kiwiko akanipandisha kama bibi-arusi. Tulipanda lifti mpaka juu ambapo masikio yaliziba. Chini tuliona nguo za watu zimeanikwa kwenye miti mirefu inayotoka madirishani, na mbali bahari, na meli nyingi zimesimama zinangoja zamu. Alinieleza mashine ya meli ile, na ya ile, na ya ile ya nyuma. Alisema ukitupa hata karatasi njiani wanakulipisha. Nikamuambia kwa sheria hiyo soko ya Kadutu wangekamata mpaka mbuzi. Alicheka sana, zaidi ya vile ilistahili.

Aliongea, aliongea. Hakunipa nafasi ya neno. Kila nilipomuuliza, "Utakula saa ngapi?" alipata kitu kingine cha kunionyesha. Nilianza kukasirika. Nimelisha watoto waliofunga meno, nimewaziba pua, wamemeza. Halafu huyu, niliyemutafunia viazi mimi mwenyewe akiwa hana meno, ananizungusha muji muzima na chakula mukononi!

Tulikaa kwenye benchi kando ya mto, mahali penye kivuli. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo na kuisha, na njia ilikuwa inatoa mvuke. Nilimunyang'anya ule mufuko, nikamuwekea wali kwenye magoti.

"Kula," nikasema, kwa sauti yangu ya Walungu.

Hakuufungua. Aliuwekea mukono juu.

"Yaya, nikikula utaniambia."

"Ndiyo."

"Basi acha nikae kidogo."

Hasira ilinitoka palepale. Nilimuhurumia. Nilitaka kumuambia, shuka hapa, panda mugongoni, nikubebe tena. Lakini alikuwa mwanaume mwenye ndevu, na watu walikuwa wanapita na mifuko ya maduka. Nikasema, "Sawa. Kaa."

Tukakaa. Halafu, sijui nani alianza, tukaanza kumuongelea Mama. Tulimuongelea kama mutu aliye nyumbani anachagua maharagi. Alisema, Mama akiona huu mto angeuliza kwa nini hakuna anayefua. Nikasema, angeuliza wale wenye kufagia wanalipwa na nani. Akasema, angekataa lifti. Nikasema, hapana, lifti angeingia, ngazi ile ndiyo angekataa, halafu angepanda ya watu wa kuteremka. Tulicheka mpaka akafuta macho, na hatukusema ni machozi ya nini. Sijawahi kuwa na saa nzuri kama ile katika muji wa watu. Ninaisema hivyo bila haya, hata kama mutu ataona ni ajabu.

Jua likaanza kuteremka. Tukarudi uwanjani. Nilipeleka muzigo wangu, wakanipa karatasi ya kuingilia ndegeni, tukakaa kwenye viti vya ngozi kungoja. Wali ulikuwa katikati yetu. Jani lilikuwa limeanza kukunjamana. Nilianza kuogopa kweli. Nilimuona baba mudogo amekaa Kasha na fimbo yake: usirudi hapa kama haujamuambia. Manila ningekaa mpaka kiangazi kiishe, na nikirudi njia ilikuwa ya Roma, haipiti tena Singapuri. Kama siyo hapo kwenye vile viti, angekaa miaka mingine akinunua vikwembe vya kumutumia mutu aliye chini ya udongo. Lakini kumuambia na njaa, na mimi nipande ndege, aanguke peke yake kwenye ile tapi? Sikuweza. Nilikaa nimeshika karatasi yangu kama mujinga.

Kule juu sauti ya mwanamuke ilikuwa inaita, kwa Kiingereza, pole pole, sauti nzuri ya mutu asiye na haraka. Ilikuwa inaita mutu fulani tangu muda. Nikasema moyoni, huyu anayeitwa hana haya, amechelewesha ndege ya watu. Walikuwa wanalikata jina lake vipande, wanaliweka mukazo pasipo mukazo. Sikusikia chochote ndani yake.

Ndugu yangu ndiye aliyesikia. Alikaa wima. Akainua uso kwenye dari, akafunga macho, akangoja walirudie. Wakalirudia.

"Yaya," alisema, "wanaita Mama."

Nikasikia na mimi. Jina la Mama, lilelile, la karatasi yangu, lilikuwa linaitwa katika ile nyumba kubwa ya vioo, na hakuna aliyekuwa anaitika.

Alifungua jani. Hakutafuta kijiko. Alikula kwa mukono, vile tulifundishwa, wali umepoa, ndagala zimelainika. Alikula na machozi yanaingia ndani ya chakula, na hakusimama hata kumeza vizuri. Alikusanya karanga za mwisho kwa kidole. Alikunja jani mara mbili, akaliweka kwenye magoti, akaniangalia.

"Nimekula," alisema.

Nikamuambia. Mama yetu alitutoka kwa mvua ya kwanza. Hakuteswa. Alilala na sisi tukiwa wote pale, na alikuita, na niliitika mimi kwa nafasi yako. Maneno yalikuwa yaleyale ya njiani, yalitoka mazima.

Aliangukia bega langu, lile la kushoto, na nikamushika. Ni kitu kimoja tu nilichotumwa, kumushika, na nilikifanya kwa nguvu zangu zote. Alilia vile tunalia kwetu, kwa sauti. Watu walitupisha nafasi kwa heshima. Mufanyakazi mumoja wa uwanja alikuja na glasi ya maji, akaiweka chini kando yetu, akaenda. Sikumuambia anyamaze. Nilimupigapiga mugongo kama zamani.

Ile sauti ikaita tena. Sasa ilikuwa na haraka.

Alijitoa begani. Alifuta uso na kona ya kikwembe changu, palepale nilipofutia pilipili asubuhi, akanisukuma kidogo kwa mukono wenye harufu ya ndagala.

"Enda, Yaya," alisema. "Mwenye iko karibu aitike."

Nikasimama, nikachukua mufuko wangu. Nikainua karatasi yangu juu wanione.

"Niko!" nikasema.